Nilimfukuza Mwenye Kivuli

Habari hii nimeisimulia kwa mdomo mara nyingi, kanisani kwetu na kwa akina mama wenzangu wa upatu, na kila mara niliruka sehemu moja. Nilisimulia joto, nilisimulia maua yaliyolala, nilisimulia namna Mungu alivyonisaidia. Jambo nililomtendea mzee mmoja wiki ile nililiacha. Leo naliandika, kwa sababu bila hilo ushuhuda wenyewe si wa kweli.

Nilizaliwa Lushoto, katika milima ya Usambara. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kijito, na kando yake, chini ya miti, yaliota maua mepesi ya rangi ya waridi na mekundu ambayo hakuna aliyeyapanda. Vitumba vyake vya mbegu vikikomaa, ukivigusa tu vinapasuka na kurusha mbegu. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu tukitumwa maji. Ua jingine la kwetu ni dogo zaidi, la zambarau, lenye majani ya manyoya, na huota kwenye miamba yenye unyevu ndani ya msitu. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani, na wataalamu wakalipa jina lake: Saintpaulia. Leo limekaa madirishani mwa nyumba za watu Ulaya nzima, na wengi wanaolimwagilia hawajui limetoka wapi.

Nilikuja Uingereza na mume wangu mwaka 2009. Kiangazi cha kwanza nilikuwa natoka kazini, nafanya usafi wa ofisi, nikaliona lile ua la kijitoni limening'inizwa ndani ya vikapu mbele ya nyumba, mtaa mzima. Nilisimama nikalitazama mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama nimepotea. Siku ile nilitamani kufanya kazi ya bustani. Ilinichukua miaka sita kupata nafasi katika kampuni ndogo ya kutengeneza bustani. Nilianza kwa kubeba udongo kwa toroli, nikafundishwa kupanda, kupogoa na kujenga kuta za mawe. Niliipenda kazi ile kwa moyo safi. Nataka ndugu msomaji alijue hilo kwanza, kwamba kabla ya kuharibika nilikuwa napenda tu.

Septemba 2021 kampuni yetu ilipata kibarua kwenye maonesho ya maua ya Chelsea, London. Maonesho hayo hufanyika katika viwanja vya Royal Hospital tangu mwaka 1913, na siku zote huwa Mei. Mwaka ule yalisogezwa hadi Septemba kwa sababu ya korona, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Wabunifu waliokuwa wameandaa maua ya Mei ilibidi waanze upya, kwa sababu ua la Mei huwezi kuliomba likusubiri hadi Septemba. Nilibeba udongo pale, nikaona bustani inayoonekana kama ina miaka thelathini ikisimamishwa kwa muda mfupi. Nikajifunza kwamba mimea mingi inabaki ndani ya vyungu vyake vya plastiki, vinafukiwa na kufunikwa maganda ya miti ili mtazamaji asivione. Nikajifunza kwamba mbunifu mwenye busara huotesha mimea mingi kuliko anayohitaji, kwa sababu mingine itachanua mapema, mingine itachelewa, mingine itavunjika njiani.

Jambo kubwa nililojifunza ni namna majaji wanavyohukumu. Nilidhani ni mashindano kama ya mbio, yupo wa kwanza na yupo wa mwisho. Sivyo. Kila mbunifu huandika mapema karatasi ya maelezo: bustani yangu ni ya nani, ni ya nini, itakuwa na nini. Majaji huja na karatasi hiyo mkononi na kuuliza kama bustani imetimiza ulichosema, na kwa ubora gani. Kisha wanatoa dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha, au shaba. Bustani zote zinaweza kupata dhahabu, na inawezekana isipate hata moja. Jirani yako hakunyang'anyi kitu. Unahukumiwa kwa maneno yako mwenyewe.

Nililisikia hilo kwa masikio, halikunishuka moyoni. Nilichoondoka nacho Chelsea ni picha ya wabunifu wakipigwa picha mbele ya bustani zao. Nikajiambia, na mimi nitasimama pale.

Mwaka uliofuata niliomba nafasi kwenye maonesho madogo ya kiangazi, kusini mwa Uingereza, yale ya shambani ambako upande mmoja kuna ng'ombe na kondoo na upande mwingine mabanda ya maua. Nao walifuata utaratibu huohuo wa karatasi na majaji. Nikapewa kiwanja cha mita sita kwa nne. Kwenye karatasi yangu niliandika hivi: bustani hii ni kijito cha Usambara, mahali pa kivuli ambapo mtu aliyechoka ataketi apumzike. Niliandika kwamba kutakuwa na mikangaga miwili, mirefu kama miti, ya kutoa kivuli, benchi moja chini yake, mwamba wenye Saintpaulia, na ua la kijitoni pembeni. Niliandika kwa machozi, nikimkumbuka mama yangu akiketi pale baada ya kulima.

Fedha zilikuwa chache. Zamu yangu ya upatu ilikuwa Mei, nikaitia yote humo bila kumwambia mume wangu mpaka ilipokwisha. Alipojua hakugomba. Alisema tu, "Mama Neema, ungeniambia." Niliona ananirudisha nyuma. Hata simu kwa mama zilipungua. Siku moja mwezi Juni alinipigia yeye, nikamweleza kwa fahari kuhusu maua mia tatu niliyoagiza. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwanangu, hayo maua ya kijitoni unayapeleka juani?" Nikamjibu, "Mama, huku ni Ulaya, jua lenyewe halina nguvu." Akasema, "Haya."

Tulianza ujenzi siku kumi kabla ya maonesho. Mikangaga ililetwa kwa lori, nikaisimamisha, nikatoka nje ya kiwanja kuitazama kutoka njia ya wageni. Ilikuwa mizuri, lakini matawi yake yaliyafunika maua. Mtu anayepita asingeyaona yote mia tatu kwa mara moja. Nilizunguka, nikachuchumaa, nikapiga picha kwa simu. Kisha nikamwambia dereva airudishe kitaluni. Fedha ya kuikodi niliyorudishiwa niliongezea maua mengine. Benchi likabaki peke yake katikati, juani.

Jirani yangu upande wa magharibi alikuwa mzee Mwingereza mwenye miaka zaidi ya sabini, mkuzaji wa kangaga. Alikuwa amefunga neti nyeusi ya kivuli juu ya mimea yake kwa fito ndefu. Mchana neti ile ilitupa kivuli hadi kwangu, ikafunika theluthi ya kiwanja, na fito zake zilitokea nyuma ya mwamba wangu kwenye kila picha niliyopiga. Nilimwomba aisogeze. Akaniambia kwa upole kwamba mimea yake haivumilii jua, na tena, akitazama maua yangu, akasema anadhani hata yangu yatafaidika. Nilikasirika. Niliona ananifundisha maua ya kwetu.

Hapa ndipo nilipokuwa naruka. Nilikwenda ofisini kwa waandaaji nikaandika malalamiko. Niliandika kwamba jirani anavuka mpaka na anaharibu bustani yangu. Kuvuka mpaka hakuwa amevuka, kilichovuka kilikuwa kivuli tu. Mama mmoja wa ofisini alikuja, akapima, akamwomba mzee asogeze fito zake ili amani iwepo. Mzee hakubisha. Alizing'oa moja moja, akazipeleka upande wake wa mbali, na sehemu ya kangaga zake ikabaki wazi. Alipopita mbele yangu na fito begani aliniinamishia kichwa kunisalimu. Sikuitikia. Nilishika simu nikajifanya nasoma.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa, tarehe 15 Julai 2022, idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilitoa onyo jekundu la joto kali, la kwanza katika historia yake, kwa siku za Jumatatu na Jumanne. Majaji walikuwa waje Jumatano asubuhi. Wenzangu walikimbia kutafuta neti na mashuka. Mimi nilisema, na niliowaambia wananikumbuka, kwamba mtu aliyetoka Afrika hatishwi na joto la Uingereza. Nilisahau kwamba Lushoto tunalala na blanketi.

Jumatatu hiyo saa nane mchana maua yangu yalilala. Shina la ua la kijitoni ni laini, limejaa maji, na likiishiwa linaanguka kama kitambaa kilicholowa. Majani ya Saintpaulia yalipata madoa ya kahawia, kama mtu aliyeunguzwa na pasi. Nilishika mpira wa maji nikamwaga juu yake kwa saa nzima, na maji yakatiririka hadi njiani. Nilidhani nimeyanywesha, na maji hayakuwa yameingia. Udongo wa kwenye chungu ukikauka kabisa hunywea, unaachana na ukuta wa chungu, na maji unayomwaga juu yanapita kwenye ule ufa hadi chini bila kuigusa mizizi. Tena vyungu vyeusi vilikuwa vimekusanya joto la siku nzima. Niliingiza kidole katika kimoja nikakitoa haraka.

Saa kumi na mbili jioni nilikaa kwenye benchi langu, juani. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na pale nilipokaa hapakuwa na kivuli hata cha kuweka kiganja. Nilitoa karatasi yangu ya maelezo mfukoni nikaisoma. Mahali pa kivuli ambapo mtu aliyechoka ataketi apumzike. Nilisoma mara mbili. Majaji hawakuwa wamefika bado, na hukumu nilikuwa nayo mkononi. Mikangaga niliirudisha mwenyewe. Neti niliiondosha kwa malalamiko yangu mwenyewe. Mama aliniuliza, nikamjibu. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, ingawa nilimtafuta.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba najitoa. Nikamwomba msamaha kuhusu fedha za upatu. Tuliomba pamoja, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu Mei. Sikuomba maua yapone, niliona aibu kuomba hivyo. Niliomba tu nipate nguvu ya kwenda kuchukua vifaa vyangu bila kukutana na yule mzee.

Nilifika saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne. Usiku ule haukuwa umepoa, hewa ilikuwa kama ya Tanga mwezi Februari. Nilipokaribia niliona kitu cheusi juu ya kiwanja changu. Ilikuwa neti. Ilikuwa imefungwa kwenye fito zilezile, na ukingo wake mmoja ulikuwa umechanika vibaya, umekatwa kwa kisu. Nilitazama kwake nikaona nusu nyingine. Mzee alikuwa ameikata neti yake katikati.

Yeye mwenyewe alikuwa kwangu. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini, na mbele yake kulikuwa na hori la kunyweshea ng'ombe aliloazima upande wa mifugo, limejaa maji. Alikuwa anachukua chungu kimoja, anakizamisha chote majini na kukishika kwa mikono miwili. Mapovu yalipanda, mengi, kisha machache, kisha moja moja. Yalipokoma alikitoa, akakiacha kichuruzike, akakipanga chini ya neti, akachukua kingine. Vilivyokwisha vilipangwa kwa safu, na nilipovihesabu baadaye vilizidi mia mbili. Alikuwa ameanza tangu usiku.

Nilisimama bila kujua niseme nini. Mwishowe nilimwuliza kwa nini anafanya hivi, wakati anajua nilivyomshtaki. Hakuacha kazi. Alisema, "Mimea haina kosa." Kisha akasogea kidogo kunipa nafasi upande wa pili wa hori.

Niliingia. Tulizamisha vyungu pamoja mpaka jua likapanda. Sijui nilimwambia samahani mara ngapi. Aliitikia mara moja, akasema imekwisha, halafu akanionyesha namna ya kushika chungu ili udongo usielee. Joto lilipozidi tuliondoka. Kabla ya kuondoka nilipita ofisini, nikamkuta yule mama aliyepima mpaka, nikamwambia malalamiko yangu yalikuwa ya uongo. Miguu ilinitetemeka kuliko siku yoyote niliyosimama mbele ya watu. Siku ile ile, kule Coningsby, kipimo kilifika nyuzi 40.3, na Uingereza haikuwa imewahi kupima joto la namna hiyo.

Jioni tulirudi kupanga upya. Katika maua zaidi ya mia tatu, yalifaa mia moja na themanini hivi. Saintpaulia zilifaa kumi na moja kati ya arobaini. Sikuondoa neti. Niliivuta vizuri juu ya benchi, nikazipanga fito zisimame kama vigogo vya miti, na maua machache niliyokuwa nayo nikayaweka pale kivuli kilipoangukia.

Majaji watatu walikuja Jumatano wakiwa na karatasi yangu. Nilipata shaba. Mmoja wao alinieleza sababu bila kunificha: mimea ilionyesha imeteseka, mwamba ulikuwa mtupu, mikangaga iliyoahidiwa haikuwapo. Kisha akasema sehemu iliyotimiza maelezo yangu ni ile ya benchi chini ya neti, na kwamba laiti bustani yote ingejengwa kuanzia hapo. Nilimshukuru, na nilikuwa nashukuru kweli. Shaba ile sikuistahili. Ilitoka kwenye nusu ya neti ya mtu mwingine.

Siku zile za maonesho watu waliketi kwenye benchi lile. Nakumbuka bibi mmoja mwenye fimbo alikaa karibu nusu saa bila kusema neno, akiwa amevua viatu. Wakati huo mimi nilikuwa kwa jirani, namsaidia kupunguza majani yaliyoungua ya kangaga zake. Baadhi yaliungua kwa sababu kivuli chake alinipa mimi.

Mwaka 2023 nilirudi. Karatasi ya maelezo nilimpa mume wangu aisome kwanza, kisha mzee yule. Alisoma, akarudisha, akaniuliza maswali mawili tu: jua liko wapi saa nane mchana, na ni nani atakayekaa hapo. Sasa naanzia na maswali hayo katika kila bustani, iwe ya maonesho au ya mtu mtaani. Ua nalipenda vilevile kama nilivyolipenda utotoni, ila silitangulizi. Natanguliza mahali linapoweza kuishi. Deni la upatu nililimaliza, na mama nampigia kila Jumapili. Nilipomtumia picha ya bustani ile yenye neti iliyochanika, aliitazama akasema, "Hapo sasa yanapumua."

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kupanda hata mchicha, na maonesho ya maua hayakuhusu. Lakini pengine nawe unaandaa kitu kitakachotazamwa na watu: harusi ya mtoto, mahafali, nyumba, huduma kanisani au msikitini. Yatafute maneno uliyoyasema siku ulipoanza, uyasome tena ukiwa peke yako, kabla hajaja wa kukusomea. Na kama yupo mtu uliyemsogeza pembeni ili wewe uonekane, mwendee leo. Mimi sikumwendea yule mzee. Alinijia yeye, usiku, na neti aliyoikata kwa mkono wake.